AMANI YAKO INALIPIWA NA NANI?

 

Neno la leo ni refu kidogo. Weka chai karibu.

Kuna mabishano ambayo sisi wachungaji tunaletewa kila mara hapa mpakani. Upande mmoja ni kijana anayemwambia babake: mzee, uza ile nusu eka ya kule chini nipate pesa ya ajenti niende Saudia, au ninunue pikipiki, maana kukaa hapa ni kuoza. Upande wa pili ni mzee ameketi kivulini, anajibu kwamba yeye ametosheka na Mungu atatoa. Kijana anamwona mzee kuwa mvivu. Mzee anamwona kijana kuwa mtu wa tamaa. Na wote wawili wanakuja na Biblia. Kijana amefungua Mithali 6, anamwonyesha mzee chungu. Mzee amefungua Mathayo 6, anamwonyesha kijana ndege na maua.

Sasa mchungaji aseme nini? Chungu ni wa Mungu, na ndege ni wa Mungu.

Leo nataka kuwajibu wote wawili, na nitatumia filamu. Ndiyo, filamu. Usinihukumu kabla hujamaliza kusoma.

Filamu yenyewe inaitwa You Can't Take It With You. Kwa lugha yetu ni kama kusema, huendi nacho kaburini. Ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1938 na mwelekezi Frank Capra, kutokana na mchezo wa jukwaani wa George S. Kaufman na Moss Hart. Mwaka wa 1939 ilipewa tuzo ya Oscar ya filamu bora, na Capra akapewa ya mwelekezi bora. Ni ya zamani, haina rangi, ni ya mapenzi na vichekesho. Rafiki niliyesoma naye chuo cha Biblia ndiye aliyenionyesha, akaniambia kuna mahubiri ndani yake. Yamo. Lakini yanataka kuchujwa kama chai yenye majani.

Kisa ni hiki. Kirby ni mwenye benki, na anataka kuteka biashara yote ya silaha. Amebakiza mshindani mmoja, Ramsey, mwenye kiwanda. Mpango wa Kirby ni kununua mitaa 12 inayozunguka kiwanda hicho ili Ramsey akose pa kupumulia. Nyumba zote zimepatikana isipokuwa moja. Hiyo moja ni ya mzee Vanderhof, na mzee amekataa kuuza.

Huyu Vanderhof, wote nyumbani wanamwita Babu, zamani alikuwa mtu wa biashara. Siku moja alifika kazini, akaona hana furaha, akageuka akarudi nyumbani, na hakurudi tena. Sasa kwake kila mtu anafanya anachopenda. Binti yake Penny anaandika michezo ya kuigiza, kwa sababu tu kuna siku mashine ya kupiga chapa ililetwa pale nyumbani kwa makosa. Mkwewe anatengeneza fataki chini ya nyumba. Mjukuu mmoja anacheza densi na kupika peremende.

Mjukuu mwingine, Alice, ameajiriwa katika ofisi ya Kirby. Na Tony, mtoto wa Kirby mwenyewe, anampenda. Babake amempa cheo kikubwa, lakini moyo wa kijana hauko pale. Alipokuwa chuoni alitamani kuchunguza jinsi majani ya kawaida yanavyokamata nguvu za jua. Tony anawaleta wazazi wake kwa kina Alice usiku ambao hawakutarajiwa, ili waone watu jinsi walivyo. Mara polisi wanaingia, fataki zinalipuka, na wote wanabebwa. Mwenye benki na mkewe wanajikuta korokoroni kama watu wengine wote.

Mahakamani Kirby ana mawakili. Vanderhof ana majirani. Mzee anapotozwa faini, wale majirani, watu wasio na kitu, wanachanga palepale mpaka inatosha. Sisi tungeiita harambee.

Mwishowe Ramsey, akiwa amefilisika, anakufa. Kirby anajiona katika kifo kile. Anaacha mpango wake, anakwenda kwa yule mzee, na wanapuliza kinanda cha mdomo pamoja. Filamu inafungwa mezani, familia mbili zimekaa, Babu anaomba. Anaongea na Mungu kama mtu anayemfahamu.

Mpaka hapo, mzee wa kivulini anasema: Amina mchungaji, hubiri! Ngoja kwanza, mzee wangu. Tuanze na kijana, kisha nitakuja kwako.

Kijana, Biblia ina Kirby wake. Soma 1 Wafalme 21. Ahabu alikuwa mfalme mwenye kila kitu, lakini akaona shamba la mizabibu la Nabothi kando ya jumba lake akalitaka. Tena hakuanza kwa kunyang'anya. Alitoa ofa nzuri: shamba bora kuliko lile, au pesa taslimu. Nabothi akakataa, kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akaenda kulala kitandani, amegeukia ukuta, hali chakula. Mfalme mzima! Hivyo ndivyo tamaa inavyomfanya mtu. Na mwisho wake Nabothi alipigwa mawe.

Angalia nani alilipia ndoto ya Ahabu. Ni Nabothi, kwa damu yake. Nani alilipia ndoto ya Kirby? Ramsey alilipa, na majirani walioambiwa wahame wangelipa, na Tony alikuwa ameanza kulipa, akiishi maisha ambayo si yake. Ndiyo sababu nakuuliza wewe unayetaka nusu eka iuzwe: ndoto yako itatoka mfukoni mwa nani? Kama ni mfukoni mwa mamako anayelima sukuma wiki kwenye hiyo nusu eka, na wadogo zako watatu ambao hawajamaliza shule, basi hiyo bado si ndoto yako. Ni mzigo umewabebesha wengine.

Wala usidhani shamba ni jambo la washamba. Waulize watu wa Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilikuwa fahari ya Bungoma nzima. Kilipofungwa mwaka wa 2009, mshahara ulikwisha mara moja. Aliyekuwa na kipande cha ardhi nyumbani alikuwa na pa kurudi. Aliyekuwa ameuza alirudi wapi?

Lakini sikia vizuri. Sisemi usiwe na ndoto. Katika filamu ile kuna tamaa ya Kirby, na kuna ndoto ya Tony. Kirby ili apate, lazima mtu ahame. Tony ili apate, hakuna anayehama. Ndoto ya namna hiyo Mungu anaipenda. Anza na mikono yako. Pika matofali, vusha mizigo, ingia chama, weka akiba, nunua hiyo pikipiki hata kama itachukua miaka miwili. Chungu wa Mithali 6 hakusifiwa kwa kuuza kichuguu. Alisifiwa kwa kukusanya.

Haya. Sasa wewe mzee wangu wa kivulini.

Turudi kwenye ile nyumba ya furaha, tuangalie jikoni. Kuna mwanamke anaitwa Rheba, mwajiriwa mweusi, aliyechezwa na Lillian Yarbo. Wengine wakicheza densi na kulipua fataki, kuna mtu anayepika na kutandika meza. Nyumba nzima inafanya inachopenda, lakini filamu haimuulizi Rheba angependa kufanya nini siku nzima.

Kitu kingine. Babu Vanderhof hataki kulipa kodi ya mapato. Afisa anakuja, mzee anamzungusha mpaka unacheka. Ni kichekesho kizuri, lakini Warumi 13 inatuambia tulipe kodi kwa anayestahili. Barabara ambayo mzee anapita, kuna jirani aliyeilipia.

Hapo ndipo ninapoichuja ile chai. Filamu inatuonyesha kwamba tamaa ya tajiri huwa inalipiwa na watu wengine. Hilo ni kweli, na ninalihubiri. Lakini imesahau kutuonyesha kwamba hata utulivu wa mtu unaweza kulipiwa na watu wengine.

Tazama hapa kwetu. Mama ameamka saa kumi usiku. Amevuka daraja kwenda ng'ambo, amerudi na mkungu wa ndizi kichwani, ameuza sokoni, amenunua unga, amelipa karo kidogo kidogo, jioni amepika. Mume ameshinda kwenye busaa, mrija mdomoni, anawaambia wenzake kwamba pesa si kitu na watu wa siku hizi wanakimbia sana. Mzee wangu, hukimbii kwa sababu kuna mtu anakukimbilia. Usimtaje Mungu hapo. Taja jina la mkeo.

Na wewe mwenye eka tano, tatu zimelala magugu, na mwanao mwenye umri wa miaka 28 hana hata mstari mmoja wa kupanda maharagwe. Unasema unalinda urithi. Nabothi aliyelinda urithi alikuwa na mizabibu ndani yake. Alikuwa mkulima. Ardhi uliyoifungia wanao, huku huilimi, inafanana na ile talanta ya Mathayo 25 iliyofukiwa ardhini. Yule mtumishi naye alijiona mwangalifu. Bwana wake alimwita mvivu.

Wapendwa, tumtazame mtumishi Paulo. Katika Wafilipi 4 anasema amejifunza kutosheka katika hali yoyote, awe ameshiba au ana njaa. Anaandika hayo akiwa kifungoni. Tunalipenda andiko hilo. Lakini Matendo 18 inatuambia huyo huyo Paulo alikuwa fundi wa mahema. Na katika 2 Wathesalonike 3 anawakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu yeyote. Umeona? Aliyetufundisha kutosheka ndiye aliyefanya kazi ili amani yake isilipiwe na jirani. Kwake kutosheka na kufanya kazi havikugombana hata siku moja.

Narudia: kazi si adui wa kutosheka. Adui wa kutosheka ni kumfanya mtu mwingine alipe.

Kwa hiyo, kabla hamjagombana tena nyumbani kuhusu shamba, kaeni chini, baba, mama na watoto, mjibu maswali matatu.

Kwanza, nani atalipia? Taja majina, usiseme tu Mungu atatoa.

Pili, huyo atakayelipa amekubali kwa moyo wake, au amenyamaza kwa kuogopa? Hata serikali inajua hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wenzi wote wawili. Na shamba la kilimo linapouzwa, idhini ya bodi ya ardhi inatakiwa. Kama sheria ya Kenya inataka mama aulizwe, wewe mtu wa Mungu uliyejazwa Roho unawezaje kumficha?

Tatu, mambo yakiharibika, nani atabaki bila pa kulala? Pikipiki inaweza kugongwa. Ajenti anaweza kuzima simu. Shamba likishauzwa, halirudi kwa maombi ya kukesha.

Nyumba itakayojibu maswali haya kwa ukweli, naamini itapata njia. Pengine mzee atakata robo eka ampe kijana alime, bila kuiuza. Pengine kijana atakubali kungoja. Pengine baba ataacha mrija wiki hii na kubeba ule mkungu wa ndizi mwenyewe kutoka darajani. Watu watamcheka. Wacha wacheke.

Mimi napenda ombi la Aguri katika Mithali 30. Hakuomba utajiri, wala hakuomba umaskini. Aliogopa utajiri usimfanye amsahau Mungu, na akaogopa umaskini usimfanye aibe. Aliomba riziki yake tu. Tuombe hivyo leo.

Baba wa mbinguni, tunakuja mbele zako kama watu wa mpakani, wanaokwenda na kurudi wakitafuta. Wape vijana wetu ndoto ambazo hazimfukuzi mtu nyumbani kwake. Wape wazee wetu pumziko ambalo halimvunji mama mgongo. Wale walioamka saa kumi usiku kwa ajili yetu, wape nao siku ya kuketi kivulini, na sisi tuwapikie. Tufundishe kutosheka huku mikono yetu ikifanya kazi. Kwa jina la Yesu.

Kama unajua jina la mtu anayelipia amani yako, usiandike Amina kwanza. Mpigie simu umwambie asante, umuulize utamsaidia na nini wiki hii. Kisha urudi hapa uandike AMINA.