Tumbo Linaposingiziwa

Maradhi ya ateri za moyo, yaani mishipa inayoulisha msuli wa moyo damu, hayaanzi siku mgonjwa anapoanguka, kwa kuwa lehemu huwa imejijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo kwa miaka mingi, ikichochewa na shinikizo la damu, kisukari na tumbaku, naye mwenyewe hana habari. Utando unaoifunika lehemu hiyo ukipasuka, damu huganda juu ya jeraha, mshipa huziba, na msuli unaoutegemea huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Toleo hili linashikilia kwamba udhaifu mkubwa wa tiba ya maradhi haya katika Afrika Mashariki hauko kwenye uchache wa mitambo, ingawa ni michache kweli, bali kwenye chumba cha tabibu ambamo moyo haushukiwi. Mtu wa makamo anayebanwa na kifua, huku jasho la baridi likimtoka na maumivu yakimpanda hadi kwenye taya, huweza kuondoka na dawa ya vidonda vya tumbo. Lugha nayo haisaidii: Mswahili mwenye kichefuchefu husema moyo unamchafuka, na chembe cha moyo ni mahali palipo juu ya tumbo, chini ya kidari, hivyo tabibu aliyezoea kusikia moyo ukitajwa kwa mambo ya tumbo halaumiki sana anapokosea. Mwenye kisukari ni mtihani zaidi, kwani huenda asisikie maumivu yoyote ila uchovu na kukosa pumzi.

Kinga ya kosa hilo ni kipimo cha umeme wa moyo, ambacho miongozo ya kimataifa inataka kifanywe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, kirudiwe iwapo karatasi ya kwanza haikuonyesha kitu, na damu ipimwe troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo unaoumia. Aspirini nayo, dawa ya bei ndogo mno, ilipunguza vifo vya wiki 5 za mwanzo kwa zaidi ya moja ya tano katika utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000.

Kuzibua mshipa kwa puto, kazi aliyoianzisha Andreas Grüntzig mjini Zürich mwaka 1977, hufanyika leo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, lakini puto hilo halimfai mgonjwa wa Kigoma ambaye hakuna aliyemshuku. Na kwa asiye katika mshtuko, utafiti wa ISCHEMIA uliochapishwa mwaka 2020 haukuona kwamba kuwahi kuzibua kunapunguza vifo kuliko kuanza na dawa.

Tabibu wa zamu anaombwa jambo moja: mtu aliyevuka miaka 40 akilalamikia kifua, apimwe umeme wa moyo kabla ya kuandikiwa dawa ya kiungulia, na pasipo na mashine apewe rufaa siku hiyo hiyo.