Kauri ya chupani na pengo la elimu yetu

Kuuliza si ujinga, ila yapo maswali ambayo mtu huyauliza maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha fizikia miaka kadhaa iliyopita alinijia nyumbani akiwa amebeba pistoni mbili ndani ya mfuko wa karatasi. Alizitoa moja moja akaziweka mezani pasi na kusema neno. Kichwa cha ile ya kwanza kilikuwa kimebabuka kama chokaa ya ukuta mkongwe. Ya pili ilikuwa imekwaruzwa ubavuni tangu juu hadi chini. Hatimaye akaniuliza: "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kijana huyu, ambaye hutengeneza injini za matatu nyuma ya nyumba ya mamake huku Nairobi, alikuwa amepata chupa ya rangi ya kauri iliyotoka ng'ambo. Alikuwa ameambiwa kwamba pistoni ikipakwa rangi hiyo injini haichemki tena na mafuta hupungua matumizi. Alizipiga msasa pistoni, akazisafisha kwa petroli, akazipulizia dawa hiyo mara tatu, kisha akazioka katika oveni ya mamake ya kuokea keki. Matatu ilirejea kabla ya wiki tatu kutimia. Sasa anadaiwa pistoni mpya na gharama ya kuichonga silinda upya.

Yamkini kuna msomaji atakayemcheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake lilinifanya nijiulize nilimfundisha nini hasa katika miaka yote ile aliyoketi mbele yangu.

Kwanza nieleze kwamba fikira ya kijana huyu haikuwa ya kipuuzi. Kauri ni jamaa ya udongo uliochomwa, nayo hupitisha joto kwa shida. Katika miaka ya 1960 Wamarekani waliipaka ndani ya mdomo wa injini ya roketi iliyoirusha ndege yao ya majaribio, X-15. Leo hii mapanga ya injini za ndege kubwa za abiria hukingwa kwa kauri iitwayo zirkonia. Aidha, katika miaka ya 1980 kampuni ya Cummins ikishirikiana na jeshi la Marekani ilifanyia majaribio lori ambalo injini yake ilikingwa joto kiasi cha kutohitaji rejeta. Matumaini yalikuwa makubwa, maana takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta ndiyo huendesha gari. Sehemu inayosalia, ambayo ndiyo kubwa, hupotea kupitia moshi na maji ya kupoozea.

Hata hivyo, majaribio hayo yaliwafunza wahandisi jambo ambalo halikuandikwa kwenye chupa ya kijana wetu. Joto lililozuiwa kupita kwenye kuta za injini halikugeuka lote kuwa kazi. Sehemu kubwa yake ilitoka na moshi. Fauka ya hayo, kuta zilizo moto mno huitanua hewa inayoingia, na hewa iliyotanuka hujaza silinda kwa uzani mdogo. Kwa hivyo faida ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

Jambo la pili ni tofauti iliyopo kati ya kiwanda na uani kwetu. Zirkonia huyeyuka kwenye joto la nyuzi 2,700 hivi za selsiasi. Kiwandani hupulizwa kupitia ndimi za plazma zenye joto la nyuzi zaidi ya 10,000, chembe zikaufikia uso wa chuma zikiwa zimeyeyuka. Rangi ya chupani huokwa aghalabu kati ya nyuzi 150 na 260. Oveni ya keki haiwezi kuyeyusha kauri. Inachofanya ni kukausha gundi iliyobeba vumbi la kauri, na tabaka lenyewe huwa na unene wa mikroni 25 hadi 50, yaani chini ya unene wa karatasi hii unayoisoma.

Hebu wanafunzi wachukue kalamu. Zirkonia hupitisha joto kwa kiasi cha mara 70 hivi pungufu ya alumini ya pistoni. Tabaka la mikroni 50, hata lingekuwa zirkonia tupu, lingezuia joto sawa na milimita tatu u nusu za alumini. Si haba, lakini kizuizi kikubwa zaidi cha joto ndani ya silinda ni utando mwembamba wa gesi ulioshikamana na uso wa pistoni, ambao umo humo bila ya mtu kuununua. Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Kijana wangu alikuwa na uwezo wa kuifanya. Hakuna aliyemwonyesha kuwa hesabu ile ya darasani na pistoni ile ya gereji ni kitu kimoja.

Kuhusu kubabuka, sababu nayo imo katika vitabu vyetu. Alumini ikipashwa joto hutanuka takriban mara mbili ya zirkonia. Vitu viwili vilivyogandishwa pamoja, kimoja kikitanuka kuliko kingine, havina budi kuvutana hadi kimoja kiachilie. Ndiyo sababu uso hukwaruzwa kwanza kwa punje ngumu za oksidi ya alumini ili tabaka lipate pa kushika, mifereji ya ringi ikiwa imezibwa punje zisijifiche humo. Ndiyo sababu pia pistoni huokwa kabla ya kupakwa, mafuta yaliyojificha katika vinyweleo vya chuma yakatoka. Kijana wetu aliulainisha uso kwa msasa badala ya kuukwaruza, akaliacha joto la injini likayafukuze mafuta, na akapaka mara tatu akidhani kwamba kingi ndicho bora. Vipande vilivyobanduka vikashuka ubavuni mwa pistoni na kuikwaruza silinda.

Sisemi kwamba ufundi huu hauna manufaa. Bomba la moshi lililopakwa kauri ya aina yake halishiki kutu upesi, na joto lake haliwababui watu na nyaya za jirani. Ubavu wa pistoni uliopakwa molibdeni au grafiti hupunguza msuguano, na watengenezaji wengi hufanya hivyo kiwandani. Aliye na maarifa atajua ni wapi pa kupaka na ni wapi pa kuacha.

Linalonitia hofu zaidi ni mapafu. Nilimwuliza kijana huyu angezikwaruzaje pistoni nyingine, akanijibu kwamba rafiki yake ana kompresa na mchanga wa mtoni. Nilimkataza papo hapo. Mchanga huo umejaa silika, na vumbi lake jembamba likivutwa huyatia mapafu makovu yasiyopona. Uingereza ilitunga kanuni za kuukomesha mchanga wa aina hiyo katika kazi ya kupuliza vyuma tangu mwaka 1949. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, lakini sheria iliyomo kabatini haimfuniki fundi pua. Wala oveni iliyookewa rangi za viyeyushi haifai tena kupikiwa chakula. Mama yake bado anaitumia kwa keki, na hakuna aliyemwambia.

Itakumbukwa kwamba nchi hii si ngeni katika kuoanisha udongo na chuma. Mapema katika miaka ya 1980 mafundi na wabunifu wetu, akiwemo Max Kinyanjui, walilichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand wakalitengeneza upya likawa jiko tunalolijua leo, lenye chuma nje na udongo uliochomwa ndani. Mafundi wa Shauri Moyo walijifunza, kwa kujaribu na kukosea, namna ya kuushikiza udongo usipasuke chuma kinapotanuka. Ni tatizo lile lile la pistoni. Jiko hilo lilifaulu kwa kuwa aliyejua sababu na aliyejua kazi waliketi pamoja.

Je, shule zetu zimewahi kuwaketisha watu hao wawili pamoja? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulinuiwa kumpa mtoto ujuzi wa mikono. Wazazi walichanga fedha wakajenga karakana, lakini nyingi zilikosa vifaa na walimu, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Mwaka 1992 serikali ilichapisha waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali, na bado fundi akabaki upande wake na mwalimu upande wake. Sasa tuna mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza walipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakiwemo wanaochagua mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi. Jina limebadilika. Tukirudia kosa la karakana tupu, tutapata vijana wengine wenye vyeti vya fizikia na pistoni zilizobabuka.

Kwa maoni yangu, mambo mawili yanawezekana bila ya kungoja mabilioni. Kwanza, kila shule yenye mkondo huo iingie mkataba na gereji au karakana iliyo karibu, wanafunzi wakapime joto, unene na mtanuko wa vyuma halisi, naye fundi alipwe kwa muda wake kama anavyolipwa mwalimu. Pili, vyuo vya kiufundi vifungue milango jioni na Jumamosi kwa mafundi wa jua kali, na somo la kwanza liwe vumbi na viyeyushi, kabla ya mtihani wowote wa cheti. Nasi walimu tuache kumwona aliyepakaa grisi kama mtu aliyeanguka mtihani. Ujuzi hauzeeki, lakini hufa na mwenyewe asipoulizwa.

Mimi nimeanza na deni langu mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilikwenda katika gereji ya kijana yule nikiwa na daftari na kipimajoto. Nilimweleza mamake kuhusu ile oveni, naye akaniuliza kwa upole kwa nini mambo hayo hayakusemwa shuleni. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tulipiga hesabu ya milimita tatu u nusu juu ya boneti ya gari, kijana akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa hii tu, mwalimu?"