Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Wapo wanaodai kwamba tarakilishi ikiwa na programu nzuri ya kuandikia, basi kazi imekwisha. Mimi sikubaliani nao.

Chukueni LaTeX, ambayo hutumiwa sana kupanga vitabu vya hisabati na sayansi. Mwandishi huandika maneno na amri katika programu moja, kisha hutazama kurasa zilizopangwa katika programu nyingine. Akiona kosa ukurasa wa 40, itambidi arudi kwenye maandishi yake alisake mstari kwa mstari. Jamani, si kuchoshana huko? Mwisho kosa huachwa, na msomaji hulikuta kitabuni.

Dawa ipo. Tangu 2008 kuna SyncTeX, kazi ya Jérôme Laurens wa Ufaransa. Kurasa zinapopangwa, SyncTeX huandika faili inayoonyesha kila sehemu ya ukurasa imetoka mstari gani. Katika TeXworks, programu isiyolipiwa, unashika kitufe cha Ctrl na kubonyeza kipanya juu ya kosa. Papo hapo unapelekwa kwenye mstari wake. Kutoka mstarini hadi ukurasani, ni vivyo hivyo.

Wengine watasema amri za LaTeX ni ngumu. Kweli zinataka kujifunza, lakini mbona ngeli tulijifunza?

Kwa maoni yangu, chama chetu kipange jarida hili kwa njia hiyo. Lugha tunayoitetea isichapishwe na makosa eti kwa sababu kuyasaka kunachosha.