Dola 30 Hazitanitoa kwa Nvidia

Wasee wa AMD, leo mnikasirikie tu. Nimechoka kusikia ati watu wananunua kadi za Nvidia kwa sababu ya jina. Hapana bana. Wananunua Nvidia kwa sababu AMD haijawapa sababu ya kuhama.

Angalia 2023. AMD walitoa RX 7600 kwa dola 269. Mwezi uliofuata Nvidia wakaleta RTX 4060 kwa dola 299. Tofauti ni dola 30! Mama mboga mgeni sokoni hauzi sukuma shilingi mbili chini ya jirani aliyekaa hapo miaka ishirini, halafu akae akingoja wateja. Anakuongezea fungu, anakukatia, anakurushia dania ya bure. Kesho unarudi kwake.

Kinachoniuma ni kwamba AMD wanaijua hii kazi. Kabla ya 2017, Intel ilikuwa imelala juu ya soko la prosesa, kila mwaka unauziwa viini vinne vilevile. Machi 2017 Ryzen ikaingia. 1800X ilikuwa na viini 8 kwa dola 499, wakati ya Intel yenye viini 8 ilipita dola 1,000. Hiyo sasa ndiyo bei ya mtu anayetaka soko! Na madabodi ya AM4 uliyonunua mwaka huo, nyingi zilikuja kukubali hata Ryzen 5000, huku Intel mwaka huohuo ikidai bodi mpya kwa prosesa zake za kizazi cha nane.

Ndiyo, Intel pia ilijikwaa yenyewe. Chipu zake za nanomita 10 zilichelewa miaka. Lakini Nvidia hawalali hivyo, kwa hivyo AMD wasingoje bahati hiyo mara ya pili.

Tena kwa Nvidia shida si bei peke yake. Kuna CUDA, programu iliyoanza 2007, na inafanya kazi hadi kwenye kadi zao za bei ya chini. Mwanafunzi anajifunzia AI kwenye kadi mzee ya gemu, anamaliza chuo, anaajiriwa, na bosi akimuuliza tununue gani, unajua atakachojibu. AMD wana ROCm, lakini kwa miaka mingi ilijali seva na Linux. Kadi za nyumbani? Ngojeni kwanza.

Halafu Oktoba 2025 wakafunga dili na OpenAI, gigawati 6 za chipu. Na OpenAI, wakitimiza masharti, wanapata haki ya kuchukua hadi hisa milioni 160 za AMD kwa senti moja ya dola kila moja. Manze, senti moja! Kumbe mnajua kutoa. Tajiri anapewa hisa, mwanafunzi anapunguziwa dola 30.

Mpeni kadi ya bei ya chini yenye memori ya kutosha, aichomeke, awashe Windows, PyTorch ifanye kazi siku hiyohiyo bila kukesha akitafuta video za kumwelekeza. Mkifanya hivyo nitawapigia debe mimi mwenyewe, bila kulipwa.

Kwa sasa, mwisho wa mwezi nashuka Luthuli kutafuta RTX 3060 ya mkono wa pili. Ile ya giga 12.