Kidude Kidogo, Ujira Kamili

Mwezi uliopita maikrowevu ya nyumbani kwetu iliacha kupasha moto. Taa yake iliwaka kama desturi, sahani ya kioo ikazunguka, feni ikavuma, na kengele ikalia muda ulipotimia, lakini bakuli la mchuzi lilitoka baridi kama lilivyoingia. Jirani mmoja, mtu mwema anitakiaye kheri, alinishauri niitupe ninunue mpya, nami nilikaribia kulifuata shauri lake, maana imekuwa ada ya zama hizi kukizika chombo kabla ya kuuliza kinaumwa nini.

Badala yake niliipeleka kwa fundi wa mtaani. Baada ya kufungua, kupima na kupima tena kwa muda wa saa nzima, alinionyesha daiodi iliyoungua, kidude kisichozidi pingili ya kidole. Akaweka nyingine, na joto likarejea. Mteja aliyekuwa akingoja zamu yake, aliposikia ujira niliotajiwa, alimkaripia fundi akisema ni haramu kudai fedha zote zile kwa kidude cha bei ndogo namna ile. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa naiona ni dhuluma, tena dhuluma iliyoenea.

Yafaa msomaji ajue mkono wa fundi yule ulipita wapi. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230 au 240, nao ndio uendeshao taa, feni na sahani, ndipo vitu hivyo vikaendelea na kazi ilhali joto halipo. Joto lina njia yake mbali: transfoma huupandisha umeme huo hadi kiasi cha volti 2,000, kapasita na daiodi kwa kushirikiana huuzidisha karibu maradufu, na nguvu hiyo huiamsha magnetroni, ambayo hutoa mawimbi ya kuyatikisa maji yaliyomo katika chakula mpaka kikapata moto. Magnetroni ya namna hii ilibuniwa kwa ajili ya rada za vita na John Randall na Harry Boot huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1940. Na aliyetambua kuwa mawimbi yake yaweza kupika, akaomba hataza mwaka 1945, ni Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, mtu aliyeacha shule angali mtoto. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu wako wanaomdharau fundi wa kibandani kwa kukosa cheti huku wakila chakula kilichopashwa kwa akili ya mtu asiyekuwa nacho.

Hitilafu yaweza kuwa katika chombo chochote kati ya hivyo, au katika fyuzi, au katika swichi za mlango, na dalili aionayo mwenye nyumba ni ile ile moja ya chakula baridi. Kupambanua baina yao ndiyo kazi yenyewe, nayo hufanyika kando ya mauti. Kapasita yaweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na aigusaye kabla haujaondolewa aweza kupoteza uhai. Ajabu ni kwamba watu huyahofu mawimbi, ambayo hukoma papo hapo chombo kinapozimwa, wala hawaihofu kapasita iliyotulia kimya nyuma ya bati. Kijana apendaye kujifunza na aanze na pasi au feni; maikrowevu aifungue mbele ya mwalimu.

Sasa tazama taathira ya ubahili wetu. Maadamu twakubali kulipia kipuri peke yake, fundi aliyegundua ubovu mdogo hupata ujira mdogo, na anayedai kwamba magnetroni imekufa hupata mkubwa; hivyo sisi wenyewe twamsukuma mkweli kuelekea uongo, kisha twalalamika kwamba mafundi si waaminifu. Nashauri ujira wa kuchunguza upatanwe kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa, uandikwe karatasini, na ulipwe hata pale fundi atakaposema kwamba matengenezo yatakaribia bei ya chombo kipya na haifai kuendelea. Neno hilo la mwisho ndilo linalomwokolea mteja fedha nyingi kupita mengine, na ndilo ambalo leo halilipiwi hata senti.

Mimi nilitoa kiasi alichotaja bila kupunguza. Kabla ya kunikabidhi chombo, fundi alitia kikombe cha maji ndani, akasubiri dakika mbili, akaufungua mlango mvuke ukatoka. “Shika mwenyewe, mzee wangu,” akaniambia, na kikombe kilikuwa cha moto hata nikakipokea kwa ncha ya kanzu.