Mbili bila za Gaborone

Oktoba 17, 2021, Simba iliifunga Jwaneng Galaxy mabao 2-0 mjini Gaborone, katika mchezo wa kwanza wa kuwania kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mabao yote mawili, la Taddeo Lwanga na la John Bocco, yalipatikana ndani ya dakika 10 za mwanzo. Marudiano yalikuwa wiki moja baadaye kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, pale pale ambapo msimu uliotangulia Al Ahly, AS Vita, Al Merrikh na Kaizer Chiefs wote walikuja wakafungwa. Mashabiki wa Simba walikuwa na kaulimbiu yao: Kwa Mkapa hatoki mtu.

Jwaneng wakatoka, tena na tiketi ya makundi mkononi. Larry Bwalya aliipa Simba bao la kuongoza kabla ya mapumziko, jumla ikawa 3-0. Kipindi cha pili vijana wa kutoka mji wa migodi ya almasi wakafunga matatu. Jumla 3-3, Simba nje kwa mabao ya ugenini. Siku chache baadaye kocha Didier Gomes naye akawa ameondoka.

Kipigo kile kimejadiliwa hadi kikachuja. Kisichojadiliwa ni zile siku saba zilizokitangulia, yaani kipindi ambacho shabiki wa Simba alikuwa na kila sababu ya kufurahi na, kwa mtazamo wa makala hii, kila sababu ya kuuliza maswali. Maana ndiyo tabia ya vijiwe vyetu: timu ikifungwa kila mtu ni kocha, ikishinda ugenini kwa mabao mawili au matatu mjadala unafungwa, na anayethubutu kusema kwamba kiungo kilipwaya anaambiwa akavae jezi ya upande wa pili.

Maswali yalikuwepo. Miezi miwili tu kabla ya safari ya Botswana, Simba ilikuwa imewauza Luis Miquissone kwa Al Ahly na Clatous Chama kwa RS Berkane. Hao ndio wachezaji wawili waliobeba mashambulizi ya timu iliyoongoza kundi lake juu ya Al Ahly, ambao baadaye walitwaa ubingwa wenyewe. Septemba 25 mtani wao Yanga aliifunga Simba 1-0 katika Ngao ya Jamii, kwa bao la Fiston Mayele. Hivyo dalili zilionekana mapema. Kule Gaborone penyewe, timu iliyofunga mawili ndani ya dakika 10 haikuongeza la tatu katika 80 zilizobaki. Pengine haikulihitaji. Pengine haikuweza. Tofauti ya hayo mawili ndiyo iliyotakiwa kujadiliwa wiki ile, na matokeo ya 2-0 yaliificha vizuri sana.

Ni haki kueleza kwanza kwa nini ushindi wa ugenini unawafumba watu midomo. Klabu zetu zimeteseka huko nje. Msimu wa 2018/19 Simba ilicheza mechi tatu za ugenini katika kundi lake ikapoteza zote: 5-0 kwa AS Vita mjini Kinshasa, 5-0 kwa Al Ahly nchini Misri na 2-0 kwa JS Saoura nchini Algeria. Mabao 12 yakaingia bila hata moja la kujibu. Ikafuzu robo fainali hata hivyo, kwa sababu ilishinda mechi zake tatu zote za Dar es Salaam. Shabiki aliyekulia katika hesabu hiyo, ya kuchukua pointi zote nyumbani na kuomba Mungu ugenini, akiona timu yake inaongoza 2-0 kwa watu hawezi kulaumiwa akisahau kuuliza ilichezaje.

Kwa hiyo kuna kambi isemayo matokeo kwanza, na kambi hiyo ina ushahidi. Ushahidi wake mzito kuliko wote umevaa kijani na njano.

Oktoba 2022 Yanga ilitolewa na Al Hilal ya Sudan katika Ligi ya Mabingwa, ikaangukia Kombe la Shirikisho. Huko ikapangiwa Club Africain. Mechi ya Dar es Salaam ikaisha 0-0, na kwa siku kadhaa kocha Nasreddine Nabi alikuwa mtu wa kulaumiwa kwa kila kitu. Kisha Stephane Aziz Ki akafunga bao pekee mjini Tunis. Kuanzia hapo Yanga ikawa timu ya safari: 1-0 dhidi ya TP Mazembe Lubumbashi kwa bao la Farid Mussa; 2-0 dhidi ya Rivers United huko Uyo, Nigeria, yote ya Mayele; 2-1 dhidi ya Marumo Gallants Afrika Kusini katika nusu fainali. Na Juni 3, 2023, ikashinda 1-0 Algiers dhidi ya USM Alger, kwa penalti ya mapema ya Djuma Shaban. Ushindi wa ugenini mara tano katika kampeni moja ya Kombe la Shirikisho ni jambo ambalo kizazi kizima cha mashabiki wa Tanzania hakikuwahi kuliona.

Je, Yanga ile ilicheza mpira wa kupendeza ugenini? Mara nyingi, hapana, na haikujifanya kupendeza. Ilikubali kusubiri, ikakaba kwa subira, ikamwachia Mayele nafasi mbili tatu. Kule Uyo mabao yalikuja kipindi cha pili, wenyeji walipokwisha kuchoka kusukuma. Marudiano ya Dar es Salaam yakaisha 0-0. Mpenda burudani angepiga miayo, lakini Yanga ilisonga mbele. Ukiuweka ushindi wa Uyo pembeni ya ule wa Gaborone, kwenye karatasi kila mmoja ni 2-0. Mmoja ulipatikana kwa mpango uliodumu dakika 90, na mpango huo ukasafiri na timu hadi nyumbani. Mwingine ulipatikana kwa kasi ya dakika 10, na hakuna aliyeuliza kama kasi hiyo ingepatikana tena.

Hapo ndipo kambi ya matokeo kwanza inapoteleza. Inaisifu Yanga ya Nabi kwa sababu ya mabao, wakati iliyostahili sifa ni namna mabao yale yalivyotafutwa. Serikali nayo iliusukuma mjadala upande huo huo, ingawa kwa nia njema: mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao katika mashindano ya Afrika, na “goli la Mama” likaingia katika lugha ya mitaani. Hakuna aliyewahi kutoa hata mia kwa mpira uliookolewa na kiungo mkabaji dakika ya 70.

Tena hata Yanga ile haikutwaa kombe. Mei 28 ilikuwa imefungwa 2-1 kwa Mkapa katika fainali ya kwanza, na bao la ushindi la USM Alger liliingia dakika chache tu baada ya Mayele kusawazisha. Jumla ikawa 2-2, Waarabu wakabeba kombe kwa mabao ya ugenini. Walioilaani sheria hiyo walikuwa na hoja, kwani Ulaya ilikuwa imeshaifuta mwaka 2021. Wakenya, hata hivyo, wana sababu ya kuikumbuka kwa upole: mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka 1-1 Nairobi, na kwa sheria hiyo hiyo ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la Afrika. Yanga iliyoshinda Algiers 1-0 ililipia dakika chache za Dar es Salaam. Aliyeutazama ushindi wa Algiers peke yake angesema Yanga ilionewa. Aliyetazama mechi zote mbili aliona timu iliyojua kujilinda ugenini kuliko ilivyojua nyumbani, na hilo lilikuwa swali halali kabisa kuliuliza tangu Lubumbashi.

Novemba 5, 2023, ukaja mfano mwingine, wenye kichekesho ndani yake. Yanga iliifunga Simba 5-1. Kwa ratiba mwenyeji alikuwa Simba, kwa hiyo huo nao ni ushindi wa ugenini, hata kama “ugenini” penyewe ni uwanja ule ule wanaoutumia wote wawili. Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, na mpaka mapumziko ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akafunga mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Siku mbili baadaye Simba ikamfukuza Robertinho, kocha ambaye hadi mechi hiyo alikuwa hajapoteza mchezo wa ligi msimu ule. Nafasi yake ikaenda kwa Abdelhak Benchikha, yule yule aliyeinyima Yanga kombe akiwa na USM Alger. Mpira una mizaha yake.

Kijiweni kwa Yanga pale Jangwani, nani angezungumzia dakika 45 za kwanza? Vidole vitano vilikuwa hewani kila kona ya nchi. Lakini Novemba 24 Yanga ile ile, chini ya Miguel Gamondi, ilikwenda Algeria kuanza makundi ya Ligi ya Mabingwa ikafungwa 3-0 na CR Belouizdad. Watu walishangaa. Kulikuwa na nini cha kushangaa? Mabao matano dhidi ya mtani yalikuwa ya kweli, na Yanga iliendelea hadi kuchukua ubingwa wa ligi. Ila yalijibu swali la nani bora nyumbani Tanzania msimu ule. Swali la jinsi ya kukabiliana na timu ya Afrika Kaskazini kwao lilibaki bila jibu, na furaha ya vidole vitano ilifanya lionekane limejibiwa. Ilibidi kungoja hadi Februari 2024, Belouizdad walipokuja Dar es Salaam wakapigwa 4-0, Yanga ikafuzu robo fainali.

Simba nayo ilirudiana na Jwaneng Galaxy msimu huo huo wa 2023/24. Desemba, nchini Botswana, ilipata sare ya 0-0, matokeo ambayo hayakumfurahisha yeyote. Machi 2, 2024, kwa Mkapa, ikawafunga 6-0 na kuingia robo fainali. Ukiweka misimu hiyo miwili pamoja unapata hesabu ya ajabu: dhidi ya mpinzani yule yule, ushindi mnono wa ugenini ulileta aibu, na sare kavu ya ugenini ikafuatiwa na karamu. Asitokee mtu wa kusema kwamba sare ni bora kuliko ushindi. Lakini matokeo ya ugenini ni nusu ya habari, na nusu hiyo inadanganya kirahisi zaidi inapokuwa tamu.

Wazee wa Simba wanalijua hili kuliko wote, kwa sababu walilitumia kumuumiza mtu mwingine. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja Dar es Salaam ikaifunga Simba 4-0. Ushindi gani wa ugenini utaushinda huo? Katika marudiano mjini Lusaka, Simba ikashinda 5-0 na kuwatoa. Simulizi ya mechi ile husimuliwa kama ushujaa wa Simba, na ndivyo inavyostahili. Isimuliwe pia kutoka upande wa Wazambia, walioondoka Dar es Salaam wakiwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Simba yenyewe, baada ya maajabu ya Lusaka, ilitolewa na Racca Rovers ya Nigeria.

Shabiki anayechambua baada ya ushindi huitwa mchawi, au mtu asiyeridhika. Kwa kweli ndiye mwenye faida kuliko wote, kwa sababu anazungumza wakati bado kuna la kufanya. Baada ya kipigo mjadala wa mpira hautafuti tena jinsi timu ilivyocheza. Unatafuta kichwa cha kukata. Gomes aliondoka ndani ya siku chache, Robertinho ndani ya mbili. Katika hali hiyo hakuna anayepata muda wa kuuliza kama tatizo lilikuwa kocha, au pengo la waliouzwa, au mabeki wa pembeni wanaopanda wote kwa wakati mmoja. Baada ya ushindi muda upo, kocha yupo, na hata mchezaji aliyekosea anaweza kuambiwa bila kuzomewa.

Kuna hoja nzito ya upande wa pili: kwamba lawama baada ya ushindi huwavunja moyo wachezaji, na kwamba timu iliyosafiri maelfu ya kilomita kwa kubadilisha ndege, ikalala hoteli isiyoijua na kushinda kwenye uwanja uliojaa wasioipenda, inastahili pongezi bila nyongeza. Inastahili pongezi, naam. Lakini mchezaji wa kulipwa anayevunjika moyo kwa kuulizwa kwa nini timu haikupiga hata kona moja kipindi cha pili atavunjika zaidi mbele ya mashabiki 60,000 mechi ya marudiano ikigeuka. Na hakuna anayependekeza lawama. Linalotakiwa ni kuuliza mabao yalikuja dakika gani na kwa njia gani, mpinzani alikosa nini ambacho huenda akakipata wiki ijayo, nani alitoka akichechemea, na timu ingefanya nini kama lile bao la kwanza lisingeingia.

Waandishi wa michezo ndio wa kuanza, maana kipaza sauti cha chumba cha mikutano kiko mikononi mwao. Kocha akirudi na 2-0 kutoka kokote kule, tafadhali asiulizwe tena anajisikiaje. Aulizwe kuhusu zile dakika 80 ambazo timu yake haikufunga, na akijibu kwa hasira, jibu hilo liandikwe lilivyo ili mwanachama anayelipa ada yake asome na kupima mwenyewe kabla ya kununua tiketi ya marudiano.