MKONO MMOJA HAULEI MWANA



Ndugu zangu katika imani, likizo ya Juni inakaribia. Wapo watoto wa bweni wanaohesabu siku za kurudi nyumbani. Na wapo wasiohesabu chochote, kwa sababu wanajua hakuna atakayekuja. Leo nawazungumzia watoto wetu wenye ualbino.

Sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kusimuliwa. Miaka ya 2007 na 2008 tulishuhudia Kanda ya Ziwa watu wakiuawa na kukatwa viungo, eti mganga kaahidi utajiri. Wazazi wakakimbiza watoto Mitindo kule Misungwi, wengine Buhangija, Shinyanga, wapate ukuta na mlinzi. Hawakukosea. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makuu ya sheria yetu.

Lakini ukuta unamkinga mtoto na panga, haumkingi na upweke. Miaka ikapita, baadhi ya wazazi wakaacha kwenda. Huyu hana nauli, yule ana hofu, mwingine anaona aibu kwa majirani. Wapo na akina baba waliomkimbia mama siku ile ile aliyojifungua. SubhanAllah! Mtoto anakuwa yatima na wazazi wake wako hai.

Mama mmoja aliniambia baada ya darsa: "Shekhe, mara ya kwanza nilipanda gari Nyegezi peke yangu, mtoto nimemfunika kanga, kila anayenitazama namwona muuaji. Mara ya pili tulikuwa akina mama watatu. Tulicheka njia nzima."

Tangu hapo wana utaratibu wao. Asiye na nauli anatuma sabuni na salamu. Aliyefika anamkumbatia mtoto wa mwenzake kama wa kwake, kisha anapiga simu mtoto aongee na mama yake. Wawili ni Waislamu, mmoja Mkristo.

Wallahi, hawa akina mama wametufundisha dini kwa vitendo. Mtume (s.a.w.) alitufananisha waumini na mwili mmoja. Sasa kiungo kinauma Misungwi, sisi huku tunalala usingizi?

Mkumbuke Abdullah ibn Umm Maktum (r.a.), kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa. Hakufichwa ndani. Alikuwa muadhini, na Mtume akisafiri alipata kumwachia Madina.

Utaniuliza: "Shekhe, nikimleta nyumbani, nani atamlinda usiku?" Swali lako ni la haki. Basi kama huwezi kumleta, nenda wewe. Na kama huwezi kwenda peke yako, nendeni wengi.

Na sisi wa misikitini tusibaki na dua tu. Tuchange nauli za wazazi hawa. Tununue kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua, maana jua linawaletea saratani ya ngozi. Mafuta hayo yanatengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi. Maimamu wakemee mimbarini wanaomwita mja wa Allah "dili", na wanaokwenda kwa waganga kutafuta mali.

Juni 13 dunia itaadhimisha siku ya ualbino. Wewe mwenye mtoto bweni usiingoje. Mpigie mzazi mwenzako leo, mpange safari.

Allah awahifadhi watoto hawa, na azilainishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.